Kupima umeme wa gari kwa mita: kuanzia betri hadi sensa

"Nimefunga betri mpya, mbona gari bado haliwaki?" "Taa zinafifia nikikaa kwenye foleni, ninunue altaneta?" "Waya wa pampu una volti 12 kamili lakini pampu iko kimya, niitupe?" Maswali haya hayaishi, na mara nyingi muulizaji anakuja akiwa tayari ametoa hela ya kifaa ambacho hakikuwa na kosa. Mita ambayo bei yake haifiki hata robo ya bei ya betri ingemjibu kabla hajaingia dukani.

Nimelenga magari ya petroli ya volti 12, hasa hizi Toyota zilizojaa barabarani: Vitz, IST, Probox, Allion na ndugu zao. Namba nyingi zinafaa pia kwa Nissan, Mazda au Subaru. Kama ni lori la volti 24, zidisha mara mbili namba za betri na za chaji.

Fuata hatua kwa mpangilio. Anayeruka betri na kukimbilia sensa hupoteza siku nzima bure, maana betri dhaifu hufanya vifaa vizima vionekane vibovu.

Vitu vya kuandaa

- Mita ya dijitali. Hizi ndogo za njano za aina ya DT830 zinatosha kuanzia, ingawa zina mipaka nitakayoitaja mbele.
- Betri nzima ndani ya mita yenyewe. Betri ya mita ikichoka, namba hupanda kuliko ukweli, na utashangaa gari lako lina volti 16.
- Klipu mbili za meno za kuvalisha kwenye ncha za nyaya za mita, ili mikono ibaki huru.
- Pini nyembamba ya kushonea, ya kupenyeza nyuma ya soketi bila kuchuna waya.
- Globu ya indiketa ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili. Usiidharau, ndiyo itakayofichua uongo wa waya.
- Spana namba 10, brashi ya waya, msasa na fyuzi za akiba.
- Mtu wa kukupigia stata.
- Karatasi na kalamu. Andika kila namba unayoisoma.

Ijue mita yako

Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni kiasi cha umeme kinachopita. Ohm ni ugumu wa njia. Kwa kazi yetu hayo yanatosha.

Waya mweusi wa mita unakaa tundu la COM, siku zote. Waya mwekundu unakaa tundu lenye alama za V na Ω, na hautoki hapo mpaka utakapopima ampea.

Kupima volti za gari, zungusha swichi ya mita hadi 20 upande wa V yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake. V yenye alama ya wimbi ni ya umeme kama wa nyumbani. Kupima ohm, anza na 200. Ukiona "1" peke yake upande wa kushoto wa kioo, au "OL", maana yake njia imekatika au kipimo ulichochagua ni kidogo, panda ngazi moja. Gusanisha ncha mbili za mita: ukipata 0.3 au 0.5, hiyo ni ohm ya nyaya za mita zenyewe, itoe kwenye vipimo vidogo.

Kabla hujagusa chochote

Kosa linaloua mita nyingi kuliko yote ni hili: mtu amepima ampea, amesahau waya mwekundu kwenye tundu la 10A, kisha anagusa betri akitaka volti. Hapo mita inakuwa kama waya mtupu kati ya chanya na hasi. Kwenye mita nyingi za bei ndogo tundu hilo halina hata fyuzi, kwa hiyo nyaya huyeyuka mkononi. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu mahali pake kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Ohm hupimwa kwenye kifaa kilichochomolewa au ambacho hakina moto (yaani umeme) kabisa. Ukipima ohm penye moto utapata namba isiyo na maana na unaweza kuiua mita.

Usiguse soketi za njano za eabegi kwa mita. Umeme mdogo wa kipimo cha ohm unaweza kutosha kuifyatua. Kwenye haibridi kama Aqua na Prius, nyaya za rangi ya chungwa zina volti zinazoua, zaidi ya 140 kwenye betri kubwa peke yake na mamia zaidi mbele ya hapo. Mwongozo huu hauzihusu kabisa.

Vua pete na saa. Usivute sigara karibu na betri, inatoa hewa inayolipuka. Feni ya rejeta inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa, basi angalia mikono ya shati na ncha za khanga. Ukifungua betri, anza na teminali ya hasi. Ukifunga, hasi inakuwa ya mwisho.

Halafu ile desturi ya kuchomoa teminali ya betri injini ikiwa inaunguruma ili "kuona kama altaneta inachaji", iache. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa, volti zinaruka juu ghafla na kinachoweza kuungua ni kontroli boksi (kompyuta ya injini).

Hatua ya 1: Betri ikiwa imepumzika

1. Zima gari, funga milango, liache kwa saa kadhaa. Usiku mzima ni bora zaidi.
2. Kama limetoka safari sasa hivi, washa taa kubwa kwa dakika mbili injini ikiwa imezimwa, zima, subiri dakika kumi. Hii inaondoa chaji ya juu juu inayodanganya.
3. Weka mita kwenye volti 20. Mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi.

Volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki robo, na chini ya 11.9 imekwisha, icharji kwanza kabla ya kupima kitu kingine. Ukikuta kama 10.5 na haipandi hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo, kwa hiyo hesabu inaonyesha wazi. Betri hiyo haina dawa.

Volti za kupumzika zinaonyesha chaji iliyomo, hazionyeshi nguvu. Betri ya miaka mingi inaweza kukupa 12.6 safi, ukipiga stata inazimika. Ndiyo maana kuna hatua ya 2.

Hatua ya 2: Betri wakati wa kupiga stata

1. Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi la fyuzi la mbele ili injini isiwake.
2. Bana klipu za mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, siyo kwenye teminali za waya.
3. Mwambie mwenzako apige stata kwa sekunde tano, wewe ukitazama kioo.

Namba isishuke chini ya 9.6. Ikibaki juu ya 10, betri ni nzima. Ikizama hadi 8 au 7 na stata inazunguka kwa kujivuta au inalia tik-tik-tik, na ulikuwa umehakikisha imejaa, betri imechoka.

Ikibaki 12.4 na stata haikuguna hata kidogo, betri haina kosa: umeme haukutoka kabisa. Tafuta kwenye swichi ya funguo, rilei ya stata (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), swichi ya gia (kwa otomatiki jaribu kuweka N badala ya P), au stata yenyewe.

Hatua ya 3: Volti zinazopotea njiani

Hapa ndipo wengi wanapopita haraka, na hapa ndipo magari mengi yanapougua, hasa yanayoishi karibu na bahari. Teminali inaonekana imekaza, lakini ndani kuna ukungu mweupe au wa kijani. Waya wa ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) unaoshika bodi umekula kutu chini ya nati. Umeme mdogo wa redio unapita bila shida. Umeme wa stata, ambao ni ampea mia na zaidi, unakwama.

Wengi huenda mbio kwenye ohm: wanapima waya mnene, wanaona 0.1, wanasema ni mzima. Mita ya kawaida haiwezi kuona ohm ndogo kiasi cha kuikwamisha stata. Pima volti badala yake, waya ukiwa kazini.

1. Fyuzi ya EFI ikiwa bado nje, mita kwenye volti 20 (au 2000m, yaani milivolti, ukitaka namba ndogo zaidi).
2. Mweusi kwenye kichwa cha hasi cha betri. Mwekundu kwenye chuma safi cha injini, si penye rangi wala mafuta.
3. Piga stata. Namba unayoiona ni volti zinazopotea kwenye njia ya ethi. Isizidi 0.2 au 0.3.
4. Sasa upande wa chanya: mwekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri, mweusi kwenye boliti nene ya stata. Piga stata. Isizidi 0.5.
5. Kipimo kikiwa kibaya, sogeza ncha hatua kwa hatua: kutoka kichwa cha betri hadi teminali, teminali hadi waya, waya hadi boliti. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa.

Kati ya kichwa cha betri na teminali yake hapatakiwi kupotea zaidi ya 0.1. Ukikuta volti nzima hapo, fungua, osha kwa maji ya moto yenye magadi (yasiingie ndani ya betri), sugua kwa brashi, kausha, kaza, paka grisi kwa nje. Stata na altaneta ngapi zimebadilishwa kwa sababu ya nati moja iliyolegea, Mungu ndiye ajuaye.

Kama njia zote mbili ni safi na stata bado kimya, pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) mwenzako akiwa ameshikilia funguo. Volti 10 au zaidi zikifika hapo na stata inatoa "tak" moja tu, tatizo liko ndani yake. Kwenye stata za Denso zilizofungwa Toyota nyingi, vipande vya shaba ndani ya solenoidi huliwa, na vinabadilishwa peke yake bila kununua stata nzima. Muulize fundi wako kabla hujalipia stata.

Rudisha fyuzi ya EFI.

Hatua ya 4: Altaneta

1. Washa gari, mita kwenye vichwa vya betri. Tegemea 13.8 hadi 14.5.
2. Washa taa kubwa, feni ya ndani hadi mwisho na hita ya kioo cha nyuma. Panda hadi mizunguko 2000 kwa dakika. Isishuke chini ya 13.5.
3. Ikipanda juu ya 15, regyuleta (katauti), inayodhibiti volti za chaji, imekufa. Usiendelee kuendesha hivyo, utaunguza globu, betri itakauka maji na kontroli boksi itafuata.

Gari likisoma 12.3 na linaendelea kushuka, altaneta haichaji. Usiifungue bado. Gusa mwekundu kwenye boliti nene nyuma ya altaneta, mweusi kwenye hasi ya betri, kwa uangalifu maana mkanda unazunguka pale pale. Kama hapo kuna 14 na zaidi huku betri ina 12, altaneta ni nzima: fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT imeungua au waya umekatika. Hii hutokea sana baada ya mtu kubusti gari na kugeuza nyaya.

Angalia pia taa ya betri kwenye dashibodi. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, lazima iwake. Isipowaka, altaneta huenda haipati waya wake wa kuamshwa, kagua fyuzi zake kwanza. Na mkanda uliolegea au kulowa mafuta hutoa dalili zile zile za altaneta mbovu, mkague kwa macho na mkono injini ikiwa imezimwa.

Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni huamua yenyewe volti za chaji kwa kompyuta. Unaweza kuona 12.8 ukiwa umesimama, na si ugonjwa. Washa taa kubwa, ikipanda hadi 14 uko salama.

Kupima daiodi (vipande ndani ya altaneta vinavyonyoosha umeme wa wimbi): zungusha mita kwenye V ya wimbi, gari likiwa linaunguruma na taa zimewashwa. Isizidi 0.5. Kikizidi, daiodi imepasuka, na inaweza hata kunyonya betri usiku. Mita ndogo ya njano haifai kwa kipimo hiki: V yake ya wimbi huanzia 200, na nyingine huonyesha namba ya uongo zikiguswa na umeme wa betri. Azima mita nzuri zaidi.

Hatua ya 5: Fyuzi

Usizing'oe moja moja kuzitazama. Kila fyuzi ina vidoti viwili vya chuma mgongoni. Washa swichi, mweusi kwenye bodi, mwekundu gusa kidoti kimoja kisha kingine. Vyote 12: nzima. Kimoja 12, kingine 0: imeungua. Vyote 0: hakuna moto unaofika hapo, au fyuzi hiyo inahitaji kitu fulani kiwashwe kwanza.

Rudishia ampea ile ile. Nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi ikiungua tena papo hapo kuna shoti, na kuweka kubwa zaidi au kuzungushia waya ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya zilizo ndani ya zulia.

Hatua ya 6: Rilei

Njia ya haraka ni kubadilishana. Rilei ya honi mara nyingi inafanana na nyingine ndani ya boksi hilo hilo, linganisha namba zilizoandikwa juu yake. Ukitaka uhakika:

1. Chomoa rilei. Miguu ya koili ni 85 na 86, kwenye rilei nyingi za Toyota ni 1 na 2. Pima ohm kati yake: kawaida 50 hadi 120. Ukiona "1" au OL, koili imekatika.
2. Miguu ya mzigo, 30 na 87 (Toyota 3 na 5), isipitishe kitu kwa sasa.
3. Peleka volti 12 kwenye miguu ya koili. Isikike "tak", na miguu ya mzigo isome karibu na 0.

Kulia "tak" siyo ushahidi wa uzima. Ndani inaweza kuwa imeungua ikalia vizuri na isipitishe umeme. Ukipata 5 au 10 ohm kwenye miguu ya mzigo, itupe.

Hatua ya 7: Waya wenye volti 12 lakini kifaa hakifanyi kazi

Swali la pampu linajibiwa hapa. Tuseme waya umekatika nyuzi zake zote ikabaki moja. Mita huvuta umeme kidogo mno, kwa hiyo ule uzi mmoja unatosha kuionyesha 12.4. Pampu inataka ampea kadhaa, na uzi mmoja hauwezi. Ni kama bomba la maji lililoziba: bomba likifungwa, presha inaonekana kamili, lifungue uone maji yanavyodondoka.

1. Acha soketi ya kifaa ikiwa imechomekwa. Penyeza pini nyuma yake hadi iguse chuma cha waya.
2. Washa kifaa. Mwekundu kwenye waya wa moto, mweusi kwenye hasi ya betri. Tegemea karibu sawa na volti za betri, pungufu ya 0.5 hivi.
3. Sasa hamisha mwekundu kwenye waya wa ethi wa kifaa, mweusi ubaki hasi ya betri. Isizidi 0.2. Ukikuta 5, 8 au 12 hapo, ethi ya kifaa hicho imekufa, kifaa hakina kosa.
4. Volti kamili upande wa moto, 0 upande wa ethi, na bado kimya: sasa una haki ya kukinunua kipya.

Huwezi kufikia nyuma ya soketi? Chomoa kifaa, chomeka globu ya wati 21 mahali pake, pima volti globu ikiwaka. Waya mzima huiwasha kwa nguvu na mita hukaa karibu na 12. Waya mgonjwa huangusha namba papo hapo. Fanya hivyo kwa taa, honi, pampu na feni, lakini kamwe siyo kwenye nyaya za sensa wala za kontroli boksi, haziwezi mzigo huo.

Kwenye Toyota nyingi pampu ya mafuta haipewi moto kwa kuwasha swichi tu, au hupewa kwa sekunde mbili kisha inakatwa. Pima mwenzako akiwa anapiga stata. Pampu yenyewe ikichomolewa husoma kati ya 0.2 na 3 ohm.

Kwa globu ya taa kubwa, usishtuke ukiona ohm ndogo kuliko hesabu ya wati zake. Waya wa globu ukiwa baridi una ohm chache sana, unapanda ukipata moto. Unachotafuta ni kama imekatika au la.

Hatua ya 8: Koili, injekta na sensa

Koili za juu ya plagi, kama za injini ya 1NZ, zina nyaya nne na ndani mna kielektroniki. Ohm haisemi chochote cha maana kwenye koili hizo. Washa swichi, pima kwenye soketi: mguu mmoja uwe na 12, mwingine uwe ethi. Kisha hamisha koili inayoshukiwa kwenda silinda nyingine. Kama mashine ya kupima ilisema P0301 (silinda ya kwanza haichomi vizuri) na sasa inasema P0302 (ya pili), kosa limehama na koili. Koili za zamani za nyaya mbili ndizo zinazopimwa ohm, na waya za plagi za Toyota za zamani zisizidi 25k (ohm 25,000) kila mmoja.

Injekta (kinyunyizia mafuta) ichomoe soketi, pima ohm kati ya miguu yake miwili. Nyingi husoma 12 hadi 16. La muhimu ni zote nne zifanane. Moja ikiwa peke yake na namba ya ajabu, hiyo ndiyo.

Sensa ya joto la maji ya Toyota ina nyaya mbili. Kwa nyuzi 20 husoma kati ya 2k na 3k, kwa nyuzi 80 hushuka hadi 0.2k mpaka 0.4k. Mchana wa Dar au Mombasa, injini ikiwa imelala, tegemea chini kidogo ya 2k. Itoe, itumbukize ncha yake kwenye maji yanayochemshwa, namba ishuke taratibu bila kuruka. Ikikwama mahali au kurukaruka, haifai. Ikisoma ohm nyingi kuliko kawaida, kontroli boksi linadhani injini ni ya barafu, na utalalamika gari linakunywa mafuta.

Sensa za nyaya tatu, kama ya throtoli, zipime kwa volti. Mguu mmoja 5, mwingine ethi, wa tatu unapanda polepole kutoka chini ya 1 kuelekea 4 na kitu unapofungua. Volti 5 zikikosekana kwenye sensa kadhaa kwa pamoja, chomoa moja moja. Zikirudi, ile uliyochomoa mwisho ndiyo iliyokuwa inaziangusha zote.

Hatua ya 9: Betri inayolala mzima na kuamka imekufa

1. Teremsha kioo cha dereva (usijifungie nje), chomoa funguo, funga milango. Kama boneti ina swichi ya alamu, ibonyeze kwa tepu.
2. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye 10A, swichi ya mita kwenye 10A.
3. Fungua teminali ya hasi. Klipu moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye teminali uliyoifungua. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya mita.
4. Usipige stata, usiwashe taa, usifungue mlango. Mita haivumilii zaidi ya ampea 10.
5. Subiri nusu saa. Mwanzoni utaona namba kubwa kwa sababu kompyuta za gari bado ziko macho.

Ikitulia chini ya 0.05, hakuna mwizi. Ikibaki 0.5, fanya hesabu: betri ya NS60 ina kama ampea-saa 45, kwa hiyo nusu yake inakwisha ndani ya siku mbili. Sasa chomoa fyuzi moja moja ukitazama kioo. Fyuzi inayoangusha namba ndiyo yenye mwizi.

Washukiwa wa kwanza ni vitu vilivyoongezwa: redio, alamu, traka, chaja ya simu, taa za urembo. Wa pili ni taa ya buti isiyozima. Fyuzi zote zikitoka na namba ikabaki pale pale, fungua hasi kabisa, toa waya mnene wa altaneta, uufunge kwa tepu, unganisha mita upya. Namba ikianguka, daiodi za altaneta ndizo zinazonyonya.

Hutaki kuchomoa fyuzi? Funga tena teminali ya hasi, rudisha waya mwekundu tundu la V, mita kwenye 200m ya volti, gusa vidoti viwili vya fyuzi kwa pamoja. 0.0 maana yake hakuna kinachopita. Namba yoyote inayotulia, hata ndogo, kuna umeme unatembea.

Namba zikikataa kueleweka

*Mita inaonyesha alama ya kutoa mbele ya namba.* Umegeuza nyekundu na nyeusi. Kwa volti haina madhara.

*Namba zinacheza bila kutulia.* Ncha haijagusa chuma safi, kwaruza kidogo. Ikiwa ni wakati injini inaunguruma, nyaya za plagi na koili zinaivuruga mita, iweke mbali nazo.

*Kila kitu kinasoma 0.* Jaribu kwanza betri ya gari. Nayo ikisoma 0, mita au nyaya zake ndizo mbovu. Nyaya za mita za bei ndogo hukatikia ndani, shingoni mwa ncha.

*Ampea inasoma 0 na gari liko kimya hata taa ya ndani haiwaki.* Fyuzi ya mita imeungua. Fungua mgongo wake, weka ya ampea ile ile.

*Volti ni 6 mahali panapotakiwa 12 au 0.* Karibu mara zote ni ethi iliyokatika na umeme unarudi kupitia kifaa kingine. Taa ya nyuma inayopepesa breki ukiwasha indiketa ni mtoto wa ugonjwa huu. Safisha ethi ya taa hiyo.

*Kila kipimo ni safi lakini kosa linakuja na kuondoka.* Acha mita imeunganishwa kisha tikisa nyaya, hasa zinapopinda kwenye mlango na pale zinapopita karibu na injini. Likitokea kwenye joto tu, pima injini ikiwa moto. Kama linakuja na mvua, mimina maji kidogo kwenye soketi inayoshukiwa huku ukitazama kioo, mbali na boksi la fyuzi.